TV ya bei mbaya imegoma? Anza na tochi

Msimu wa korosho uliopita mzee mmoja alishuka stendi hapa Mtwara na TV ya inchi 55, kaifunga kwa kanga mbili na kigodoro cha mtoto. Alitoka nayo Newala. Baada ya shikamoo na marahaba akaketi juu ya ndoo, akapangusa jasho. "Fundi mwanangu, nataka neno moja tu. Hii imekufa au imelala? Kama imekufa niambie mapema, hela ya korosho ninayo, nikanunue nyingine leo leo."

Nikaichomeka. Taa nyekundu ikageuka kijani, mlio wa kuwaka ukasikika, nikaunganisha king'amuzi, sauti ya mtangazaji ikajaa chumba. Kioo cheusi tii. Nikafunga mlango, nikashusha pazia, nikasogeza tochi ya simu hadi karibu kugusa kioo, nikiishika kwa ubavu. Mtangazaji akaonekana mle ndani, amefifia kama mtu aliye upande wa pili wa chandarua, midomo inacheza.

"Imelala, mzee."

TV ya daraja la juu iliyotengenezwa kati ya mwaka 2008 na 2015, fedha yake kubwa ilikwenda kwenye kioo. Mara nyingi kioo hicho bado ni kizima, na kwa weusi wa giza na rangi ya ngozi za watu kinaweza kuiaibisha TV mpya ya bei chee. Vinavyokufa ni wahudumu wake: umeme, taa, nyaya, programu. Kwa hiyo kabla hujauliza kutengeneza ni shilingi ngapi, jua kwanza kama kioo kipo hai. Ukikosea hapo utabadilisha bodi tatu kwenye TV ambayo ilishazikwa zamani.

Kabla ya kushika bisibisi

Umeme wa soketi zetu ni volti 230. Ukinyooshwa ndani ya TV unafika kama volti 325, na TV nyingi kubwa huupandisha hadi karibu 400. Ile kapasita nene kwenye bodi ya umeme inauhifadhi hata baada ya plagi kutoka. Plasma, yaani TV ambayo kioo chake hutoa mwanga chenyewe, ni mbaya zaidi, maana ina njia nyingine ya volti kama 200 kwa ajili ya kioo chenyewe. Chomoa, subiri si chini ya dakika kumi, kisha pima kwa mita ndipo mkono uingie. Kama mita huna, au unayo na hujui kuisoma, usifungue mfuniko. Si aibu. TV nyingi ninazoletewa mimi mwenyewe sizifungui kabisa.

Soma pia kibandiko cha nyuma. Kwanza, namba ya modeli: iandike, kwa sababu bila hiyo hakuna anayeweza kukutafutia bodi wala taa. Pili, volti. Ukikuta imeandikwa 100-240V, huna wasiwasi. Ukikuta AC100V, hiyo ni TV ya mtumba iliyotengenezwa kwa matumizi ya ndani ya Japani, na ukiichomeka moja kwa moja utasikia mlio mmoja tu, "pa!", kisha harufu. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme. Na hata ikiwaka, usihangaike kutafuta chaneli kwa antena, mfumo wao wa matangazo si wetu. Tumia king'amuzi kwa waya wa HDMI. Aliyekwisha kuichomeka asikate tamaa haraka. Mara nyingi fyuzi na varista, kile kipande kinachokinga bodi umeme ukizidi, ndivyo vimejitoa mhanga, vingine vyote vimesalimika.

Haiwaki, hata taa nyekundu hamna

Anza nje. Jaribu soketi nyingine, acha ekstensheni, badilisha waya wa umeme kama ni ule unaochomoka nyuma ya TV. TV nyingi za zamani zina swichi kubwa chini au ubavuni ambayo rimoti haiwezi kuiwasha. Nilishalipwa nauli ya bodaboda kwenda Mikindani kubonyeza swichi moja iliyozimwa na mtoto, na mwenye TV akasisitiza kunilipa na ufundi.

Ndani, tazama fyuzi. Kama uzi umekatika tu na kioo cha fyuzi ni safi, huenda umeme ulirudi kwa kishindo. Kama fyuzi imekuwa nyeusi kama masizi, kuna kitu kimepiga shoti nyuma yake, na fyuzi mpya itakufa vilevile. Anayefunga uzi wa shaba badala ya fyuzi anageuza bodi nzima kuwa fyuzi.

Halafu kuna mijusi. Wanapenda joto la TV na wadudu wanaofuata mwanga wake. Nimekuta mjusi amekauka juu ya bodi ya umeme, mkia kwenye mguu mmoja wa transista na kichwa kwenye mguu wa pili. Usizibe matundu ya hewa kwa plasta, utaipika TV. Hamisha balbu iliyo juu ya TV, wadudu watapungua, na mjusi atahamia huko kwenye riziki.

Inabofya, inachelewa, taa inapepesa

Mwenye TV atakwambia: "Asubuhi inagoma. Naiacha inabofya tik, tik, tik, baada ya robo saa inawaka, basi inakesha." Ukisikia maelezo hayo, fikiria kapasita kabla ya kitu kingine chochote. Zile ndogo za upande wa volti 5 na volti 12 ndani yake zina majimaji, na joto la miaka huyakausha. Zikikauka haziwezi tena kulainisha umeme, ubongo wa TV, yaani bodi kuu, unaona volti inayotetemeka, unajizima, unajaribu tena. Zikipata joto kidogo zinajikongoja, ndiyo maana inawaka baadaye.

Kapasita nzima ina kichwa bapa. Mbovu huvimba kama andazi, au huvuja utomvu wa kahawia chini. Lakini zipo zinazokufa huku sura ni nzuri, kwa hiyo ukikuta moja imevimba badilisha na jirani zake wote wa aina hiyo. Mikrofaradi ziwe zilezile. Volti zilezile au zaidi kidogo, zisipungue. Chukua iliyoandikwa 105°C, usikubali ya 85°C eti kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Angalia upande wa hasi, wenye mstari, kabla hujachomoa ya zamani. Piga picha kwa simu.

Kama taa inapepesa kwa mpangilio, mathalani mara sita, inapumzika, mara sita tena, basi TV inakueleza ugonjwa wake. Hesabu mizunguko miwili mitatu mpaka uwe na hakika, kisha tafuta maana ya hesabu hiyo kwa namba ya modeli yako. Kila kampuni ina hesabu yake, usichukue ya jirani.

Sauti ipo, picha hamna

Huu ndio ugonjwa wa mzee wangu wa Newala, na ndio unaofanya TV nzuri nyingi zitupwe bure. Kioo cha LCD hakitoi mwanga wowote; kinachuja tu mwanga unaotoka nyuma yake. TV za zamani zaidi zilitumia mirija myembamba kama taa ndefu za dukani, baadaye zikaja za LED. Taa zikifa picha inaendelea kuchorwa gizani, na ndiyo maana tochi inaiona.

LED hizo zimefungwa mkufu mmoja, moja inampa mwenzake, kama taa za mapambo ukumbini. Moja ikikata, mkufu wote unazima. Wakati mwingine bodi inayozilisha inashtuka na kukata umeme: picha inatokea sekunde moja mbili, kisha giza, sauti inaendelea. Ukiona hivyo, kioo na ubongo ni vizima karibu kwa hakika.

Hazifi ghafla tu, hutuma salamu kwanza. Picha inaanza kuwa ya bluu au zambarau, nguo nyeupe ya Ijumaa inaonekana kama imezidishwa buluu. Hiyo ni rangi ya njano iliyopakwa juu ya LED ikiungua. Au unaona vidoti vyeupe vimetapakaa kama nyota: vile vifuniko vidogo vya lenzi vimebanduka kwenye gundi. Au kona moja imekuwa kiza.

Dawa yake ni kubadilisha mikanda ya LED, na hapa nina msimamo: badilisha seti nzima. Wapo mafundi wanaoruka LED iliyokufa kwa kuunganisha waya, TV inawaka, mteja anafurahi, baada ya miezi michache inafuata ya pili kwa sababu zote zina umri mmoja. Kufungua kioo cha inchi 55 mara mbili ni kumjaribu Mungu. Pale ukingoni kuna riboni nyembamba zilizobandikwa kwa joto kiwandani. Ukiivuta moja ikachanika, kioo kimekwenda, na hakuna wa kuibandika hapa Mtwara. Kioo kinabebwa na watu wawili, mikono safi, juu ya meza iliyotandikwa blanketi. Karatasi laini za kusambaza mwanga zina mpangilio wake, ziweke pembeni kama zilivyotoka. Na usifanye kazi hiyo kibarazani kusi likivuma, vumbi moja likiingia kati ya karatasi utaliona kila taarifa ya habari mpaka TV ife.

Ukishamaliza, ingia kwenye mpangilio wa picha, shusha mwanga wa taa za nyuma hadi asilimia 60 au 70. Kiwandani na dukani huwa umewekwa juu kabisa ili TV ing'ae kuliko jirani yake rafuni. Taa zikipungua moto zinaishi zaidi. Ukipenda ushauri wangu wa pili, toa ile hali ya picha kali inayofanya nyasi za uwanja zionekane kama zimepakwa rangi ya mlango, weka hali ya sinema. Siku ya kwanza utaiona imepooza. Siku ya tatu hutarudi nyuma.

Kama tochi haioni kitu na sauti ipo, tatizo ni picha kutofika kwenye kioo. Hiyo ni kazi ya ubongo au ya bodi ndogo inayolisha kioo, mafundi tunaiita tikoni.

Mistari, nusu picha, rangi za ajabu

Bonyeza menyu. Ni kipimo cha bure. Kama menyu inatokea safi juu ya picha mbovu, TV haina kosa: king'amuzi, waya au ishara ndiyo inayosumbua. Kama menyu nayo imechafuka, ugonjwa uko ndani.

Nusu ya picha ikipotea, au ikawa kama picha ya zamani iliyochapwa vibaya, jaribu riboni za tikoni: chomoa, futa meno yake taratibu kwa ufutio mlaini wa penseli, pangusa kwa spiriti ya duka la dawa, ikauke, rudisha. Mstari mmoja mwembamba wa wima usiohama, huo ni wa kioo. Ukibinya ukingo wa fremu kidogo na mistari ikabadilika, riboni ya kioo imeachia. Hapo acha. Mwuzie fundi achukue bodi, kuna mtu mwenye kioo kizima anayezitafuta.

Chumvi na salfa

Vitabu vya ukarabati haviandiki haya kwa sababu waandishi wake hawakai Shangani, ufukweni hapa Mtwara. Upepo wa bahari unabeba chumvi, chumvi inavuta unyevu, na kwenye miguu ya shaba inaota kutu ya kijani. Dalili yake ni ugonjwa usio na adabu: leo HDMI ya kwanza haifanyi kazi, kesho inafanya, ukiigonga TV inakaa sawa. Mswaki mlaini na spiriti hufanya kazi kubwa. TV ya pwani ikae mbali na dirisha linalotazama maji, na iwashwe mara kwa mara, kwa sababu joto lake lenyewe hufukuza unyevu. TV iliyofunikwa kitambaa mwaka mzima ikisubiri wageni huoza kuliko inayotumika.

Salfa ni habari ya Newala, Tandahimba, Nachingwea na Ruangwa. Ile ya unga tunayopulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, wengi huhifadhi mifuko sebuleni ili isiibwe. Salfa hula shaba na fedha, inaziacha nyeusi, na ndani ya TV vyote viwili vipo. Ukifungua TV ukakuta miguu myeusi badala ya kijani, uliza mifuko inalala wapi. Mzee wangu nilipomuuliza alicheka: "Inalala nyuma ya TV hiyo hiyo, mwanangu. Mwizi atapita wapi?"

King'amuzi kinasema hakuna ishara, au kinaonyesha ukungu

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012. TV nyingi nzuri za kabla ya hapo hazina tyuna ya dijitali, na zilizotoka Ulaya zinaweza kuwa na ya kizazi cha kwanza, DVB-T, ilhali matangazo ya antena ya kwetu ni DVB-T2. Zinatafuta chaneli hadi zinachoka. King'amuzi kinamaliza suala hilo.

Sasa angalia waya. Nimeingia nyumba zenye TV ya mamilioni iliyounganishwa kwa waya wa nyekundu, njano na nyeupe, kisha mwenye nyumba analalamika macho. Nunua waya wa HDMI. Kama HDMI inatoa kioo cheusi, king'amuzi au boksi huenda linatuma picha kubwa kuliko TV inavyoweza kupokea: liunganishe kwanza kwa waya wa zamani, ingia mipangilio, shusha hadi 1080i au 720p, kisha rudi HDMI. TV za 4K za mwanzo, za mwaka 2013 hivi, zina fumbo lake: nyingi hazina HDCP 2.2, ile kinga ya kuzuia filamu zisinakiliwe, kwa hiyo filamu za 4K za kulipia zinakataa kabisa. Weka boksi kwenye 1080p, zitacheza.

Mvua za kwetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Radi ikikaribia chomoa plagi na waya wa dishi pia. Watu wengi huchomoa plagi tu, kisha radi inaingia kwa dishi, inapita king'amuzi, inaua HDMI ya TV.

Inawaka vizuri, ila YouTube haifunguki

Kwanza tazama tarehe. TV iliyochomolewa muda mrefu inarudi mwaka iliozaliwa, na intaneti inaikataa kwa sababu vyeti vya usalama havilingani na kalenda yake. Rekebisha, jaribu tena. Isipokubali, basi programu yake imeachwa: YouTube ya TV nyingi za mwaka 2012 kurudi nyuma ilikatwa mwaka 2015, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Usiihuzunikie. Sehemu ya ujanja kwenye TV ndiyo inayozeeka upesi kuliko zote. Chomeka kijiti au boksi la Android kwenye HDMI, iache TV iwe kioo tu. Kijiti kikiwaka, kikajizima, kikawaka tena, umekilisha kutoka tundu la USB la TV, ambalo kwa kawaida hutoa nusu ampea. Kipe chaja ya simu.

Kuhusu plasma

Ukiwa na Pioneer Kuro, au Panasonic ya miaka ya mwisho kabla kampuni haijaacha kuzitengeneza Desemba 2013, una kioo ambacho wapenzi wa sinema bado wanakiulizia. Kivuli cha nembo ya chaneli kikibaki pembeni, mara nyingi si cha kudumu: cheza picha zinazojaa kioo na kusogea kwa saa kadhaa, kitafifia.

Lakini piga hesabu ya LUKU. Plasma ya inchi 50 inaweza kula wati 300. Kwa saa tano ni uniti moja na nusu kwa siku, uniti 45 kwa mwezi. Aliye kwenye kundi la wateja wadogo wa uniti 75 kwa mwezi amempa TV zaidi ya nusu, na bado kuna friji. Mimi ningeiweka iwe ya mechi na filamu, taarifa ya habari nikasikiliza redioni.

Kuirudisha nyumbani

TV ya mzee ilipata mikanda mipya, ikafutwa weusi wa salfa kwenye soketi mbili, ikashushwa mwanga hadi 60. Aliitazama kimya kidogo, akauliza kama rimoti nayo ni nzima. Tuliielekeza kwenye kamera ya simu, akabonyeza, katikati ya kioo cha simu ikawaka nukta ya zambarau. Rimoti nzima.

Alitaka kuilaza juu ya magunia kwenye keria ya basi. Nikakataa. TV husafiri imesimama, kama ilivyokaa sebuleni, kioo kikitazama kitu bapa na laini, kamba ikipita kwenye fremu na isikaze katikati. Ikilala, uzito wa kioo chenyewe na mashimo ya barabara vinamaliza kazi ya siku mbili kabla ya Nanyamba. Mwishowe alilipa nauli ya kiti cha pili. TV ikakaa dirishani kwenye kanga zake, yeye pembeni ameishika bega.